Dhamiri haifi, huota sugu

Huenda umewahi kumsikia mhubiri akilalamika mazishini kwamba "dhamira za viongozi wetu zimekufa." Waombolezaji huitikia "Amina!" na ibada ikaendelea. Katika kauli hiyo fupi mna makosa mawili: moja la msamiati, jingine la fikra. Hilo la pili ndilo zito zaidi.

Tuanze na msamiati. 'Dhamira' ni nia au kusudio. Ndiyo maana wanafunzi wa fasihi huulizwa kuhusu dhamira ya mwandishi. 'Dhamiri' nayo ni ile hisia ya ndani inayomsuta mtu anapotenda ovu. Maneno yote mawili yana asili moja ya Kiarabu, yenye maana ya kitu kilichofichwa moyoni, na haishangazi kwamba watu huyachanganya. Lakini hebu fikiria: mwizi ana dhamira, tena kali sana, ya kuiba. Asichokuwa nacho ni dhamiri ya kumsuta.

Sasa tuje kwenye fikra. Je, dhamiri hufa? Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kigiriki, linapoeleza kuharibika huku hutumia taswira za mwili ulio hai lakini usiohisi. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo (4:2) unataja dhamiri zilizochomwa kwa chuma cha moto, mithili ya ng'ombe aliyetiwa chapa. Waraka kwa Waefeso (4:19) unazungumzia watu wasiohisi tena maumivu. Kwa Kiswahili tungesema wamekufa ganzi. Aya inayotangulia hiyo ina neno 'porosis', ambalo matabibu wa Kigiriki walilitumia kuelezea ugumu unaojijenga pale mfupa uliovunjika unapounga.

Kiswahili kina neno linalokaribiana sana na hilo: sugu. Siku ya kwanza ya kushika jembe, kiganja hutoka malengelenge. Baada ya mwezi mmoja hakiumi tena. Mkono haujafa, la hasha! Umejikinga tu kwa kuota ngozi ngumu.

Ndivyo ilivyo kwa karani anayepokea hongo. Mara ya kwanza mikono humtetemeka na usiku hapati usingizi. Mara ya kumi anahesabu noti huku akipiga gumzo. Lugha nayo humsaidia kuota sugu hiyo: haiitwi hongo tena, inaitwa 'chai' au 'kitu kidogo'. Nani atasutwa kwa kunywa chai? Tafsida ya aina hii haifichi aibu tu, bali pia humzoesha mtu ovu. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mazoea yana tabu.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni nani wanaotajwa kuwa na mioyo ya aina hiyo. Katika Injili ya Marko (3:5), neno hilohilo 'porosis' linahusu watu wa dini waliokuwa ndani ya sinagogi, wakimvizia Yesu waone kama angemponya mtu siku ya Sabato. Mbele kidogo (6:52 na 8:17) kitenzi chake kinawahusu wanafunzi wake mwenyewe. Kumbe sugu si ya wezi na wauaji pekee. Hata anayesali kila siku anaweza kuiota.

Tofauti hii si ya kuchezea maneno. Tukisema dhamiri ya mtu imekufa, tumemwondolea lawama, maana maiti haiulizwi swali. Tukisema imeota sugu, tumekiri kwamba aliifanya mwenyewe, tendo baada ya tendo. Pia tumemwachia tumaini, kwa kuwa anayeacha jembe kiganja chake hulainika polepole. Wanafunzi wale hawakubaki walivyokuwa.

Kwa hivyo mhubiri wetu angesema: "Dhamiri zetu zimeota sugu." Sina hakika kwamba "Amina" ingeitikiwa kwa sauti ileile.