Kisanduku Kidogo Chataka Karani Mwepesi



Siku hizi katika skimu zetu utaona visanduku vidogo vyenye taa, kama vile ruta iliyo katika ofisi ya chama cha ushirika. Ndani yake mna kompyuta ndogo inayoendeshwa na programu, na programu zataka kutunzwa. Ng'ombe wa gredi asipopelekwa dipu, kupe humwua. Programu isiyotengenezwa upya nayo huacha ufa wa kupitia mwizi.

Programu huletwa katika vifurushi, na iko programu moja ambayo kazi yake ni kuvileta, kuvipanga na kuviondoa. Tuiite karani wa ghala. Je, karani gani afaa ghala dogo?

Kompyuta kubwa zenye Debian hutumia karani aitwaye apt. Ni hodari, lakini orodha zake peke yake hujaza makumi ya megabaiti, na ruta nyingi za bei nafuu zina hifadhi ya megabaiti 8 au 16 tu. Kwa hiyo mafundi walitengeneza makarani wepesi. OpenWrt, mfumo wa ruta ulioanza mwaka 2004, ulitumia opkg kwa miaka mingi. Mwezi wa Novemba 2024 ulianza kuhamia apk, iliyotoka Alpine Linux, maana opkg yao ilikuwa haitunzwi tena. Hapo pana funzo: wepesi peke yake hautoshi, lazima karani awe na watu wa kumtunza.

Basi shika mambo haya.

Kwanza, pima ghala. Kifaa chenye hifadhi chini ya megabaiti 8, au kumbukumbu chini ya megabaiti 64, usikinunue kwa kazi hii.

Pili, tazama muhuri. Karani mwema hukagua saini ya vifurushi, naye hukataa mali isiyojulikana itokako.

Tatu, usibadilishe programu zote kwa amri moja. Katika ruta nyingi programu za asili hukaa mahali pasipoandikika. Ukileta mpya, ya zamani haiondoki, na zote mbili hula nafasi. Nafasi ikiisha katikati ya kazi, ruta yaweza kukataa kuwaka, na hesabu ya maziwa isifike kwa wakati. Ni heri kuweka mfumo mzima uliojengwa upya, baada ya kutunza nakala ya mipangilio.

Nne, kifaa chenye kazi moja isiyobadilika chaweza kukaa bila karani kabisa. Buildroot hujenga mfumo wa namna hiyo, na kila badiliko huja kwa mfumo mzima.

Kamati itakapokwenda kununua, imwulize mwuzaji maswali matatu: Hifadhi ni kiasi gani? Marekebisho yataletwa kwa njia gani? Na yataendelea kwa miaka mingapi? Asiyeweza kujibu, msimpe fedha za wanachama.