Amri ya kihariri inapokawia, mashine huenda haina hatia

MWANAFUNZI wa tarakilishi mjini Kakamega anapotoa amri ya kukusanya msimbo, yaani kuugeuza uwe programu inayoweza kutumika, kisha matokeo yakaja kwa kusitasita, huwa mwepesi wa kulaumu mashine yake kuukuu. Baadhi hukimbilia kununua kumbukumbu zaidi. Hata hivyo, ucheleweshaji huo waweza kuwa umewekwa kwa makusudi ndani ya kihariri anachotumia kuandikia.

Mfano bora ni GNU Emacs, kihariri cha matini kisicholipiwa kilichotolewa na Mmarekani Richard Stallman mwaka wa 1985. Amri yake ya "compile" haikusanyi msimbo yenyewe. Huita programu nyingine, kama vile make, ifanye kazi hiyo, kisha husoma inachotoa na kukionyesha kwenye skrini.

Toleo la 22 lilitoka mwaka wa 2007, mwaka uo huo ambapo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, Kakamega, kilifanywa chuo kikuu kamili. Toleo hilo lilileta utaratibu mpya: programu iliyoitwa ikitoa maneno machache machache, Emacs husubiri kidogo kabla ya kuyasoma. Ni sawa na matatu ya Kisumu katika steji ya Kakamega, ambayo haiondoki na abiria wawili bali hungoja ijae.

Nia ilikuwa njema. Katika mifumo fulani, kusoma vipande vidogo mara nyingi kulipunguza kasi ya kazi. Kila kusubiri kulikuwa kwa sehemu chache tu za mia za sekunde.

Lakini kusubiri huko kukirudiwa mara mia kadhaa, sekunde hujumlishana. Aidha, nafasi ya kuweka matokeo yasiyosomwa ni finyu. Ikijaa, programu inayokusanya msimbo hulazimika kusimama mpaka Emacs isome.

Katika miaka ya 2020, watunzaji wa Emacs waliamua kwamba utaratibu huo hauna faida tena, wakauzima. Hata hivyo, matoleo ya zamani huja ukiwa umewashwa. Anayeyatumia anaweza kuuzima kwa kukipa kigezo kiitwacho process-adaptive-read-buffering thamani ya nil katika faili ya mipangilio.

Kabla ya kutoa hata shilingi, ni vyema kupima. Mwanafunzi aendeshe amri ile ile nje ya kihariri, akitanguliza neno "time", kisha alinganishe muda huo na ule wa ndani ya Emacs. Kila mara afute kwanza faili zilizokusanywa awali, la sivyo make itaona kwamba hakuna kazi iliyosalia.

Muda ukilingana, basi tatizo li katika mashine au katika msimbo wenyewe. Ukitofautiana sana, kumbukumbu mpya haitamsaidia.