Maneno Yasizame Chini ya Kinanda: Tunavyojifunza Kumiksi na Kumasta Nyimbo za Kwaya



Waliosikiliza wimbo wetu wa Pasaka mara ya kwanza walitusifu. Sauti zilijaa, kinanda kilinguruma, ngoma ilipiga hadi kifuani. Kisha tukautuma kwa ndugu mmoja, jandokasisi wa seminari nyingine mbali na hapa, ambaye hakuwa ameusikia wala kuyaona maneno yake. Tulimwomba jambo moja tu: asikilize mara moja kwa simu yake, kisha aandike anachosikia. Katika kiitikio, tulipoimba kwamba Bwana ametukomboa, yeye aliandika "ametuondoa". Tulicheka sana, halafu tukanyamaza.

Kosa hilo halikuwa la masikio yake. Chukua maneno matatu: ametukomboa, ametuokoa, ametuondoa. Yote yana irabu zilezile kwa mpangilio uleule: a, e, u, o, o, a. Kinachoyatofautisha ni konsonanti peke yake. Sasa, mwimbaji huvuta irabu, ndizo zenye nguvu na ndizo zinazobeba tuni. Konsonanti hupita haraka na kwa nguvu ndogo, na sehemu kubwa ya kinachozitambulisha iko juu, tuseme kati ya hezi 2,000 na 8,000. Eneo hilohilo ndipo kayamba na manyanga humwaga mchakacho wao, na ndipo sauti ya nyuzi ya kinanda hung'aa. Matokeo yake ni kwamba irabu zinasikika vizuri, wimbo unapendeza, lakini maana imefunikwa. Sisi hatukugundua kwa sababu maneno tulikuwa nayo kichwani. Masikio yetu yalikuwa yanajaziwa na kumbukumbu.

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini kazi hii haijifunzwi na mtu mmoja chumbani. Mtunzi, mwalimu wa kwaya na mwimbaji wote wanaujua wimbo kupita kiasi. Anahitajika ndugu asiyeujua.

Tueleze kwanza maneno yenyewe, maana huwa yanachanganywa. Kumiksi ni kuzichukua sauti zilizorekodiwa kila moja kwenye traki yake (sauti ya kwanza hadi ya nne, kinanda, ngoma, kayamba) na kuzipangia nafasi: ipi iwe mbele, ipi nyuma, ipi kushoto, ipi ipunguzwe wapi. Kumasta huja baadaye. Hapo traki zimekwisha kuwa wimbo mmoja, na fundi anaupima wote kwa pamoja: ukubwa wa sauti, uwiano wa besi na sauti za juu, na ulingano wake na nyimbo nyingine za albamu. Anayemasta hawezi kukipunguza kinanda peke yake, kama vile mpishi asivyoweza kuitoa chumvi kwenye mchuzi uliokwisha iva. Tunasema hivi kwa sababu kwaya nyingi hupeleka wimbo wenye kasoro ya miksi na kuomba masta iurekebishe.

Kanisa lina neno lake kuhusu jambo hili, na lilisema mapema. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius X alitoa hati Tra le sollecitudini. Humo alifundisha kwamba uimbaji ndio wenye nafasi ya kwanza, na kinanda na vyombo vingine ni vya kuutegemeza, si vya kuugandamiza. Mwaka 1967, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, maelekezo Musicam Sacram yalirudia kwamba mlio wa vyombo usizifunike sauti hata maneno yakawa magumu kusikika. Waliyaandika hayo kwa ajili ya ibada, si kwa ajili ya studio. Tena maelekezo ya mwaka 1958 yalikataza kutumia muziki uliorekodiwa badala ya waimbaji ndani ya Liturujia. Kwa hiyo tunachorekodi ni cha redio, cha nyumbani, cha safarini, cha kufundishia wimbo parokiani. Lakini kipimo ni kilekile, kwani mama anayesikiliza redio jikoni hana karatasi ya maneno mkononi.

Mtakatifu Augustino aliliona tatizo hili kabla ya umeme. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo anakiri kwamba mara nyingine sauti ilimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, na akajiona amekosa. Anamkumbuka Mtakatifu Atanasi wa Aleksandria, aliyemtaka msomaji wa zaburi apandishe na kushusha sauti kidogo sana, karibu na kusema tu. Hata hivyo Augustino hakuufukuza uimbaji kanisani. Alikumbuka machozi yaliyomtoka kwa nyimbo za Kanisa siku za mwanzo wa imani yake. Aliyewahi kukaa mbele ya kompyuta akishawishika kuongeza besi kidogo, na kidogo tena, atamwelewa.

Turudi kwenye kazi. Nusu ya miksi hufanyika kabla ya kuwasha kompyuta. Kanisa lenye kuta za saruji na paa la bati lina mwangwi mtamu kwa anayeimba na mchungu kwa anayerekodi, kwa sababu mwangwi ukishaingia kwenye maiki hautoki. Sisi tuliacha kurekodi kanisani tukahamia bwenini, tukatundika mablanketi na kusogeza magodoro ukutani. Waliopita walitushangaa. Jambo la pili ni kiwango cha kurekodia. Ukirekodi kwa biti 24, acha vilele vya sauti vifike kati ya desibeli -12 na -6, usiogope kwamba ni ndogo. Sauti ndogo inaongezwa baadaye, lakini iliyopasuka kwa kugonga sifuri imeharibika moja kwa moja.

Katika kumiksi, wengi huanza na ngoma na kinanda, halafu hutafuta mahali pa kuwachomeka waimbaji. Tulifanya hivyo, ndiyo maana tukamwondoa Bwana aliyetukomboa. Sasa tunashusha vitelezi vyote, tunainua sauti nne kwanza hadi maneno yaeleweke bila chombo chochote, kisha tunaleta vyombo kimoja kimoja. Neno la kwanza likipotea, tunajua aliyelifunika ni huyo aliyeingia sasa hivi.

Dawa huwa ndogo kuliko mtu anavyodhani. Kwenye traki za sauti ya kwanza na ya pili, kata kila kilicho chini ya hezi 100, maana huko hakuna uimbaji wao bali vishindo vya miguu na muungurumo wa feni. Kwenye kinanda, punguza desibeli 2 au 3 kati ya hezi 250 na 400, mahali panapoleta uzito kama wa tope, na nyingine kama hizo karibu na hezi 3,000 ili konsonanti zipumue. Kompresa itumike kwa upole: ukiiweka mbili kwa moja, sauti inayovuka mstari kwa desibeli 4 itatoka imevuka kwa 2 tu, na hiyo mara nyingi inatosha kumtuliza mwimbaji wa tena anayepaza kila afikapo juu. Mwangwi wa kompyuta nao ucheleweshwe kidogo, milisekunde 20 hadi 40, ili neno lifike sikioni kabla ya mwangwi wake. Na kuliko vifaa vyote hivyo, kilichotusaidia zaidi ni mkono: kushusha kinanda desibeli 2 kila waimbaji wanapoanza ubeti, na kukirudisha wanaponyamaza. Mpiga kinanda mwenye adabu hufanya hivyo mwenyewe anapopiga, lakini si wote wana adabu hiyo.

Sikiliza kwa sauti ndogo. Tangu mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio halisikii kwa usawa: sauti ikiwa ndogo, besi hupungua zaidi kuliko sauti za katikati. Ndiyo maana miksi inayopigwa kwa nguvu huonekana tajiri, na ukiipunguza unagundua iliyobaki ni kinanda. Kisha sikiliza kwa spika ya simu. Spika hiyo ndogo haitoi karibu chochote chini ya hezi 200, na besi wa kwaya huimba hadi karibu na hezi 82. Atakayesikika kwenye simu si besi mwenyewe bali zile sauti za juu zinazofuatana na yake, nazo zinahitaji kuachiwa nafasi katikati.

Kuhusu masta tutakuwa wafupi, maana wenyewe bado tu wachanga. Kishawishi kikubwa ni kufanya wimbo uwe na sauti kubwa kuliko wa kwaya jirani. Ni mbio zisizo na mshindi: Spotify huzileta nyimbo karibu na kiwango cha -14 kwa kipimo kiitwacho LUFS, na YouTube huzishusha zilizozidi. Uliyeubana wimbo wako hadi ukakosa pumzi utashushwa sawa na wenzako, nao watasikika wana uhai kuliko wewe. Acha kilele kisivuke desibeli -1, ili wimbo usikwaruze unapogeuzwa kuwa MP3. Na unapolinganisha kabla na baada, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza. Tofauti ya desibeli 1 tu inatosha kumdanganya mtu kwamba kilicho kikubwa ndicho kizuri.

Sasa kujifunza na wenzetu walio mbali. Tatizo la kwanza ni bando. Traki moja ya biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde inakula megabaiti 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki 12 unafika megabaiti 415, na hakuna jandokasisi mwenye bando la kuutuma huo kila wiki. Tulichokubaliana ni kutuma kiitikio peke yake, sekunde 40, ambazo kwa traki 12 ni kama megabaiti 69. Kila mmoja anamiksi sekunde hizo hizo kwake, kisha tunasikiliza miksi tano za kitu kimoja. Hakuna somo lililotufundisha kama hilo. Unasikia mwenzako amefanya nini na traki zilezile ulizozilalamikia kuwa mbovu. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Usiushikie simu nyingine irekodi kama ujumbe wa sauti, maana hapo kinachohukumiwa si miksi yako tena. Asiye na traki za kujizoezea anaweza kupata za bure katika maktaba ya Mike Senior, mwandishi wa kitabu Mixing Secrets for the Small Studio, na programu ya Audacity haina malipo. Nyimbo za watunzi wengine hatuzisambazi traki zake bila ruhusa yao.

Jambo la pili ni namna ya kuambiana. "Iko vizuri, Mungu awabariki" ni neno la upendo lakini halimsaidii mtu. Tunaomba mwenzetu ataje sekunde na alichosikia: kwenye 0:17 neno la tatu sikulipata, kwenye 0:31 kayamba linaniumiza sikio. Asituambie tufanye nini, hilo tutalitafuta wenyewe. Na anayeambiwa hajitetei siku hiyo. Hili la mwisho limekuwa gumu kwetu kuliko kompresa.

Yule ndugu wa "ametuondoa" tulimtumia toleo la pili, na la tatu tukampa mwingine asiyeujua wimbo, kwa kuwa yeye sasa alishayajua maneno. Huyo wa tatu aliandika kiitikio chote sawasawa na beti mbili za kwanza. Katika ubeti wa tatu aliacha nafasi tupu mahali pamoja. Tulizima kinanda, tukazima ngoma, tukabakiza sauti nne peke yake na kusikiliza. Neno halikuwepo. Sauti ya tatu walikuwa wamelimeza, na wengine tulikuwa tumepumua hapohapo. Tutaurekodi upya ubeti huo baada ya mitihani.