Bombay Hata Mumbai: Mji Uliojengwa na Wageni

Mwanamke wa pwani yetu, hata asiyewahi kuvuka bahari, zamani aliujua mji wa Bombay kwa vitu vilivyokuwamo nyumbani mwake. Misahafu na vitabu walivyosomea babu zetu chuoni, vingi vilipigwa chapa huko. Nguo za pamba zilizokuja kuipiku merikani sokoni zilitoka katika viwanda vyake. Na mwaka 1928, Bi. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda kutiwa sauti yake katika sahani za santuri, alikwenda Bombay. Leo ukiutafuta mji huo katika ramani utaukuta umeandikwa Mumbai. Nyuma ya majina hayo mawili kuna swali ambalo limemwaga damu: mji huu ni wa nani?

Asili yake ni visiwa saba vya wavuvi wa Kikoli, ambao mungu wao wa kike, Mumba, ndiye asili ya jina Mumbai. Uislamu nao uliwahi kufika. Kisiwani Mahim aliishi Sheikh Makhdum Ali Mahimi, aliyefariki mwaka 1431, mwanachuoni wa nasaba ya Kiarabu aliyeandika tafsiri ya Qur'ani zaidi ya karne mbili kabla Mwingereza hajatawala pale. Mwaka 1534 Sultan Bahadur Shah wa Gujarat aliwaachia Wareno visiwa hivyo, na msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa Mreno ni nani. Kwa mapatano ya mwaka 1661, Wareno wakampa mfalme Charles wa Pili wa Uingereza visiwa hivyo pamoja na binti yao aliyemuoa. Wao huita mahari, lakini si mahari tuijuayo sisi, ambayo ni haki ya mke mwenyewe. Mwaka 1668 mfalme akaikodisha Bombay kwa Kampuni ya India Mashariki kwa pauni 10 kwa mwaka.

Bahari ikafukiwa, visiwa vikashikana, na watu wakamiminika: Waparsi, Mabohora, Makhoja, Mamemoni, Wagujarati, Wamarathi, Mayahudi wa Baghdad, Waarabu, Waajemi. Waafrika pia walikuwapo, nao waliitwa Masidi. Miongoni mwa waliookolewa katika majahazi ya watumwa, wako waliolelewa Bombay na Nasik, kisha wakarejeshwa Mombasa. Ndio waliokuwa miongoni mwa wakazi wa mwanzo wa Frere Town, pale Kengeleni. Jina la mtaa huo ni la Bartle Frere, ambaye kabla ya hapo alikuwa gavana wa Bombay.

Reli ya kwanza ya abiria ya India ilianza hapo mwaka 1853. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipozuia pamba ya huko, bei ikapanda na matajiri wa Bombay wakatajirika ajabu. Mahujaji wa India nao walipanda meli bandarini humo kwenda Jidda. Basi hapakuwa na kabila moja lililoweza kusema kwa haki kwamba mji ni wake peke yake.

Maneno hayo yalikuja kusemwa baadaye. Mwaka 1960 jimbo liligawanywa kwa lugha, na baada ya maandamano yaliyoua watu zaidi ya 100, mji ukawa makao makuu ya Maharashtra, jimbo la Wamarathi. Mwaka 1966 Bal Thackeray aliunda chama cha Shiv Sena, akidai kwamba wageni wanawapokonya wenyeji kazi. Mwanzo aliwalenga watu wa kusini mwa India, kisha Waislamu. Mgomo mkubwa wa mwaka 1982 ulipovunja viwanda vya nguo, maelfu ya vijana walibaki bila kazi, na kijana asiye na kazi ni mwepesi kuonyeshwa adui.

Tarehe 6 Desemba 1992 Msikiti wa Babri ulibomolewa huko Ayodhya, mbali kabisa na Bombay. Moto wake ukafika. Tume ya Jaji Srikrishna ilihesabu watu 900 waliouawa mjini katika Desemba na Januari, 575 kati yao Waislamu, na ikawalaumu polisi kwa upendeleo. Tarehe 12 Machi 1993 mabomu yakaua watu 257, wapita njia wasio na hatia. Hiyo nayo ilikuwa dhulma, wala dhulma ya kwanza haikuihalalisha.

Yaliyofuata hayakuandikwa sana magazetini, nayo ndiyo yaliyozigusa familia. Waliokuwa wakiishi ukuta kwa ukuta na Wahindu, wakipelekeana vyakula siku za sikukuu, walifungasha na kuhamia kwa wenzao. Mumbra, nje ya mji, ikafurika Waislamu. Mama akahama na watoto, akaacha nyuma jirani aliyekuwa akimwachia ufunguo.

Shiv Sena na washirika wake waliposhika serikali mwaka 1995, jina rasmi likawa Mumbai. Hata hivyo Mahakama Kuu ya mji imebaki na jina la Bombay. Mahakama hiyo ndiyo iliyoamua mwaka 2016 kwamba wanawake wasizuiliwe kuingia ndani ya kaburi la Haji Ali, lililo baharini, ambako njia hufunikwa na maji yakijaa. Masuala ya ziara yana mahali pake, sitayafungua hapa.

Na huko Mahim, kila mwaka katika hauli ya Sheikh Makhdum, kitambaa cha kwanza cha kufunika kaburi lake huletwa na polisi wa Mumbai.