Lugha na Utambuzi wa Vipaji katika Shule za Msingi za Arua na Koboko

Makala haya yanajadili swali moja: mtoto mwenye kipaji katika shule ya msingi ya Arua au Koboko hutambuliwa kwa lugha gani? Swali hilo hutangulia mengine yote yahusuyo programu za kukuza vipaji, kwa kuwa programu yoyote huwafikia wale tu waliokwisha kutambuliwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba utaratibu uliopo hupima kwanza Kiingereza, kisha kipaji, na kwamba katika eneo la West Nile utaratibu huo huwaacha nje hasa watoto ambao kipaji chao kimo katika lugha zenyewe.

Mandhari ya lugha ya eneo hili yanafahamika, lakini ni muhimu kuyakumbuka. Kilugbara ni lugha ya tawi la Sudani ya Kati. Kikakwa ni cha Waniloti wa Mashariki, na wasemaji wake wamegawanywa na mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Kongo. Kandokando yake kuna Kinubi, Kiarabu cha Juba, Lingala na Kiswahili. Kwingineko nchini Uganda Kiswahili huchukuliwa mara nyingi kuwa lugha ya askari. West Nile nako kiliingia kwa njia hiyo, kupitia wanaume walioandikishwa katika King's African Rifles, lakini hakikubaki kambini. Familia nyingi zilizokimbilia Zaire na Sudan baada ya mwaka 1979 zilirejea zikiwa na lugha walizozipata ugenini, na wakimbizi wanaoishi leo katika makazi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule wamekuja na zao. Kwa hiyo mtoto wa hapa anayefika darasa la kwanza akiwa na lugha mbili au tatu si wa kushangaza.

Kinachoshangaza ni jinsi shule inavyozipokea lugha hizo. Mtaala unaopangwa kwa mada, ulioanza kutumika mwaka 2007, unataka lugha ya eneo itumike kufundishia kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu. Darasa la nne ni mwaka wa mpito, na kuanzia la tano Kiingereza hutawala. Shule za mjini zenye watoto wa lugha mchanganyiko huruhusiwa kuanza na Kiingereza tangu mwanzo. Mwishoni mwa darasa la saba unasubiri mtihani wa Baraza la Mitihani la Uganda: Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii, ambapo hata swali la sehemu huja limevaa Kiingereza. Mtihani huo hurudi nyuma kama kivuli. Mwalimu wa darasa la tano anayetafuta watoto hodari hutazama alama za majaribio yake, na majaribio hayo yametungwa kwa kuiga ule wa darasa la saba. Waliochaguliwa hupewa masomo ya ziada, ambayo kwa kawaida ni kurudia karatasi za mitihani iliyopita. Hayo ni maandalizi ya mtihani, na yana haki yake. Kuyaita ukuzaji wa vipaji ni kulipotosha neno.

Tatizo la kipimo kinachopitwa na kile kinachotafutwa si la Waafrika peke yao. Lewis Terman alipoanza mwaka 1921 kukusanya watoto wenye akili nyingi huko California, kipimo chake kiliwaacha nje vijana wawili, William Shockley na Luis Alvarez, ambao baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kwetu, ushahidi ulio karibu zaidi umetoka Usenge, magharibi mwa Kenya. Robert Sternberg na wenzake walichunguza watoto 85 wanaozungumza Kijaluo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2001: waliojua zaidi dawa za mitishamba na matumizi yake walielekea kupata alama za chini katika jaribio la msamiati. Maarifa ambayo jamii iliyathamini na maarifa ambayo shule iliyapima yalikwenda njia mbili tofauti. Kundi hilohilo la watafiti lilifanya kazi pia Bagamoyo, Tanzania, kwa utaratibu mwingine: mtoto hupimwa, hufundishwa kwa muda mfupi namna ya kutatua aina hiyo ya maswali, kisha hupimwa tena. Kinachoangaliwa ni kiasi alichojifunza kati ya vipimo viwili. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo lenye manufaa zaidi kwa darasa la nne la Koboko, kwa sababu halihitaji vifaa vya gharama na linaweza kufanywa kwa Kikakwa, Kilugbara au Kiswahili.

Nije sasa kwenye kipaji ambacho shule zetu hazikioni ingawa kinapita mbele ya macho. Yeyote aliyewahi kuketi katika kituo cha afya karibu na Oraba au Vurra anaijua picha hii: mama anaeleza maradhi kwa lugha moja, mhudumu anauliza kwa nyingine, na kati yao amesimama mtoto wa miaka kumi akifasiri. Anasikiliza, anakumbuka, anachagua neno, tena anapunguza ukali wa swali la mhudumu ili mama asifedheheke. Guadalupe Valdés, katika kitabu cha mwaka 2003 kuhusu vijana wakalimani wa familia za wahamiaji nchini Marekani, alihoji kwamba uwezo wa namna hiyo ni kipaji na unastahili kuingizwa katika maana ya neno hilo. Mtoto yuleyule, Jumatatu asubuhi, huenda akawa wa mwisho katika imla ya Kiingereza. (Naongeza tahadhari: kumfanya mtoto mkalimani wa siri za wagonjwa ni mzigo usiomfaa. Kutambua uwezo wake si kumwajiri bila mshahara.)

Zipo dalili nyingine ndogo zaidi ambazo mwalimu aliyezinduliwa angeziona. Kilugbara hakina ngeli za aina ya Kibantu. Mtoto wa Arua anayeuliza, bila kufundishwa, kwa nini Kiswahili kina *mtu mkubwa* lakini *kitu kikubwa*, na kesho akarudi na orodha yake ya maneno yanayofuata *ki-*, amefanya uchambuzi wa lugha. Joseph Renzulli, ambaye mwaka 1978 alieleza kipaji kuwa makutano ya uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu na kujituma, angekuta yote matatu katika orodha hiyo. Katika mfumo wake, kilele cha programu ni mtoto kuchunguza tatizo halisi na kuwapelekea matokeo watu wanaoyahitaji. Hapa matatizo hayo yamejaa: majina ya miti kwa Kikakwa cha pande tatu za mpaka, toni za Kilugbara ambazo maandishi ya kawaida huziacha, na maneno gani msomaji huyachanganya kwa sababu hiyo.

Uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Uganda wa Julai 2022, uliopendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, unafungua nafasi. Hofu yangu ni kwamba Kiswahili kitaingia kama somo jingine la kukariri, na watoto wa West Nile wanaokijua tayari watasubiri wenzao wajifunze *hujambo*. Wangefaa zaidi kupewa kazi za uchunguzi na tafsiri katika vipindi hivyohivyo. Itasemwa kwamba madarasa yamejaa na walimu wamechoka, na ni kweli. Ndiyo maana sipendekezi shule maalumu mfano wa Ilboru au Kibaha za Tanzania, ambazo huchagua watoto baada ya mtihani wa darasa la saba, yaani baada ya wengi niliowataja kupotea.

Pendekezo ni dogo: kadi moja kwa kila mtoto wa darasa la nne, yenye lugha anazotumia, anazungumza na nani, kazi aliyoifanya kwa hiari, na tofauti kati ya vipimo viwili vya aina ya Bagamoyo. Kadi isafiri na mtoto, kwa kuwa watoto wa makazi ya wakimbizi huhama shule. Naye mwalimu wa darasa la tano aisome kabla ya kusahihisha jaribio lake la kwanza la Kiingereza.