Venye Death Row Ilijipata kwa Wasee wa Vidoli

Ingia nganya yoyote ya Nairo yenye imechorwa rapa Pac ubavuni, uliza donda hizo ngoma ni za nani. Atakushow ni za Pac, na atakucheki vibaya juu ya hiyo swali. Zii, buda. Pac alidedi Septemba 1996, na tangu siku hiyo masta za ngoma zake za Death Row, yaani rekodi zenyewe, zimekuwa zikihama mikono ka simu ya kuibiwa. Kuna time zilikuwa za kampuni ya vidoli za watoi. Si uongo.

Rudi Los Angeles, 1991. Produsa Dr. Dre amechoka na Ruthless, lebo ya Eazy-E. Suge Knight, jitu ya Compton, anamtoa huko, na pamoja na D.O.C. na Dick Griffey wanaanzisha lebo ya Death Row. Logo: mse amefungwa kwa kiti ya stima, kichwa imefunikwa. Kampuni ya Interscope wanaingia na mbeca. Disemba 1992 The Chronic inatoka, Novemba 1993 rapa wao Snoop anaachilia Doggystyle, na hiyo inaingia Billboard moja kwa moja namba moja. Mtaa wote wameomoka.

Lakini kulikuwa na jamaa ndani ya jela, Michael Harris, wasee humuita Harry-O, mse wa unga. Huyo alikuwa anadai ni yeye alitoa dola mita moja na nusu za kuanzisha lebo. Wakamlenga. Shika hiyo jina.

Sasa cheki Septemba 1995. Pac yuko ndani, jela ya Dannemora kule New York, na dhamana ni dola mita 1.4. Suge na loya wake David Kenner wanamletea mkataba. Ni karatasi tatu, zimeandikwa na mkono. Kumbuka saa hiyo lebo ndio iko moto kushinda zote, na mkataba unakaa ka wa kukodi keja. Pac akaweka sahihi, Oktoba akatoka, Februari 1996 All Eyez on Me ikawa sokoni. Mimi siwezi mlaumu. Mse wa ndani hasomi maandishi madogo, anasoma mlango.

Vitu zikaharibika mbio. Machi 1996 Dre akahepa, akaacha share yake, akaenda kuanza lebo yake, Aftermath. Septemba Pac akapigwa risasi Las Vegas akiwa kwa moti ya Suge. 1997 Suge akafungwa. 1998 Snoop akaingia lebo ya No Limit.

Halafu deni ya Harry-O ikabisha. 2005 korti ilimpatia Lydia, mkewe wa zamani, dola mita 107 zenye Suge alifaa kulipa. Suge na ubabe wake wote, mse wenye watu walikuwa wanamuogopa hadi kivuli, hakuwa na hiyo ganji. Aprili 2006 akakimbilia korti ya kufilisika. Januari 2009 WIDEawake, kampuni ya Kanada, wakabeba lebo kwa mita 18. Vitu za ofisi zilipigwa mnada pia, na ile kiti ya stima ikaenda na dola 2,500.

WIDEawake nao wakasota, katalogi ikaangukia Entertainment One. Hapa ndio stori inakuwa wazimu. 2019 Hasbro, wenye My Little Pony na Monopoly, walinunua Entertainment One kwa karibu dola bilioni nne. Walikuwa wanataka Peppa Pig. Death Row ilikuja tu ndani ya furushi. Yaani ngoma za magaidi wa Compton na katuni ya nguruwe ya watoi wa nasari, mwenyewe mmoja, hesabu moja. 2021 wakauza hiyo idara ya muziki kwa Blackstone, mabwenyenye wa New York, dola mita 385.

Februari 2022 Snoop alinunua Death Row kutoka kwa hao. Mwezi uliofuata katalogi ilianza kuondolewa kwa mitandao ya kusikizia ngoma. Snoop akasema huko hakulipi. Mashabiki walilia mwaka mzima. Machi 2023 ngoma zikarudishwa.

Suge, tangu 2018, anatumikia miaka 28. Harry-O alitoka jela Januari 2021, Trump akiwa amempunguzia kifungo, na siku hizi yeye na Snoop ndio wako Death Row.