Kadi za Kudurusu katika Kamusi Elezo Huru

Mwanafunzi wa Mfaranyaki, kata ya Manispaa ya Songea, anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, aweza leo kufungua simu akasoma kwa Kiswahili habari za Vita vya Majimaji, mzunguko wa damu au sayari za jua, pasipo kununua hata kitabu kimoja. Na hiyo ni neema ambayo wazazi wake, waliotegemea yale tu waliyoyanakili ubaoni, hawakuijua. Wikipedia ya Kiswahili, ijulikanayo pia kwa jina la Kamusi Elezo Huru, ilianzishwa mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, na hadi sasa imekusanya makala zaidi ya 70,000, zilizoandikwa na watu wa kujitolea ambao aghalabu hawajapata kuonana. Lakini kusoma ni jambo moja na kukumbuka ni jambo jingine, na baina ya mambo hayo mawili ndipo jitihada za wanafunzi wetu wengi zinapopotea. Rai yangu ni kwamba kamusi elezo hiyo iongezewe kadi za kudurusu, zitungwe na kusahihishwa na umma uleule unaoandika makala zake.

Kadi si kitu kigeni kwetu, kwa kuwa mwalimu wa darasa la kwanza hukata karatasi ya manila, akaandika herufi na silabi, akawaonyesha watoto moja baada ya moja. Kadi ya kudurusu huandikwa swali upande wa mbele na jawabu upande wa nyuma. Msomaji hulisoma swali, hulijibu kimoyomoyo, ndipo huigeuza apate kujua kama amesibu au amekosa. Nguvu yake yote imo katika ile jitihada ya kutafuta jawabu kabla ya kugeuza.

Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kumbukumbu baada ya kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akadhihirisha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hututoka katika siku ya kwanza, kisha kusahau kukapungua kasi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi habari ya kusoma: waliosoma mara nne walikumbuka, baada ya juma moja, asilimia 40 ya habari ile, ilhali waliosoma mara moja kisha wakajipima mara tatu walikumbuka asilimia 61. Mwandishi Sebastian Leitner, naye, alikuwa ameeleza mwaka 1972 sanduku lenye vyumba, ambamo kadi iliyojibiwa sawasawa husogezwa chumba cha mbele, kinachotazamwa baada ya siku nyingi zaidi, na iliyokosewa hurudishwa chumba cha kwanza. Siku hizi programu kama Anki hufanya hesabu ya namna hiyo ndani ya simu. Lakini asiye na simu aweza kuifanya kwa boksi la viatu, na natija ikawa ileile.

Kwa nini basi kadi hizo ziwekwe katika kamusi elezo, wala zisiachiwe kila mtu ajitungie zake? Tuchukue mfano mmoja. Mtu aweza kutunga kadi inayouliza ni watu wangapi walikufa katika Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani, na nyuma yake akaandika 300,000. Kadi hiyo inadanganya kwa kukata shauri mahali ambapo wanahistoria hawajalikata: makadirio ya Wajerumani yalikuwa vifo 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Ikiwa ndani ya daftari la mtu mmoja, kosa lile litahifadhiwa pamoja naye. Ikiwa mbele ya wahariri wengi, atatokea mmoja wa kuigawa kadi iwe mbili, kila moja ikimtaja mwenye makadirio yake. Kwa mtoto wa Songea, mji ambao mashujaa wake walinyongwa tarehe 27 Februari 1906 na hukumbukwa kila mwaka katika Makumbusho ya Majimaji, usahihi wa namna hiyo ni haki yake.

Fauka ya hayo, kadi humwajibisha mwandishi. Makala nyingi za kata za Tanzania bado ni mbegu, kama wahariri wenyewe waziitavyo, yaani mistari michache isiyopita jina, mkoa na idadi ya wakazi. Mwalimu wa Mfaranyaki atakayejaribu kutunga maswali matano kutokana na mbegu ya namna hiyo hatayapata, na hapo atalazimika kuikuza makala kwanza, kwa ithibati, ndipo atunge kadi. Kadhalika sharti kila kadi ifungamane na makala yake, ili makala ikisahihishwa, kadi nayo itazamwe upya.

Sisemi kwamba kadi ni elimu kamili. Kadi huhifadhi tarehe, majina na kanuni, lakini haimfundishi mtu kupima hoja wala kuandika insha. Na akaririye kadi bila kuisoma makala atakuwa na majawabu asiyoyafahamu. Makala na itangulie, kadi ifuate.

Shime, basi, enyi walimu na wanafunzi wa Songea na kwingineko: chagueni makala moja ya somo mnalolijua vizuri, iharirini mpaka iwe sahihi, kisha tungeni kadi tano kutokana nayo, na mpeleke rai hii katika majadiliano ya wahariri. Kamusi elezo ni mali ya umma, na idhini ya kuitengeneza mnayo tayari.